Mama Haui

"Mzee Shomvi, mama haui," alisema Kashinde, mtayarishaji wa filamu, akigonga ukurasa wa mwisho wa mswada. "Watazamaji watatuvunjia viti. Muuaji awe mtunza bustani."

"Mtunza bustani tulimfunga filamu ya nne. Na ya saba."

"Basi ameshazoea."

Mzee Shomvi akafungua kalamu. Riwaya zake kumi na moja za mauaji zilishageuzwa filamu, na kila mara alimbadilisha muuaji kwa mkono wake mwenyewe, kwenye meza hii hii. Kubishana alichoka tangu ya tatu. Hii ya kumi na mbili, alishaapa, ndiyo ya mwisho.

Bi Mwanakombo, aliyeigiza mama katika filamu zote hizo, akaingia bila hodi.

"Nimewasikia. Kaka Shomvi, miaka thelathini nawalilia maiti wako. Wajukuu wananiita Bibi Msiba. Niache niue mmoja tu, hata yule wakili mwembamba wa hadithi hii."

Kashinde alicheka peke yake. Bi Mwanakombo hakungoja jibu, akatoka.

Ncha ya kalamu ya Mzee Shomvi ilikuwa imegusa jina la mama bila kulikata, na wino ulianza kutanuka taratibu. Dirishani alionekana Bi Mwanakombo mbele ya kamera, kisu cha mbao mkononi, akijifunza kutolia.