Mlizamu Uliobanwa

Mwaka 1998, wakati wa masika, Somoe aliuweka mchi chini huku akihema.

"Wifi, hata kinu kimekuchoka!" Zaituni alimkejeli.

Kwa hasira, Somoe alimwonyesha mlizamu wa paa, mfereji wa kumwagia maji ya mvua, uliobanwa mdomoni. Maji yalichupa upande mmoja, yakiuchimba ukuta wa udongo.

"Moyo wangu ni kama mlizamu huu: mlango wake wa kutolea damu una vipande viwili badala ya vitatu. Damu haipiti katikati. Huupiga ubavu wa mshipa mkuu, nao umetanuka. Daktari amenikataza kutwanga, nanyi mwaniita mvivu!"

Zaituni aliutazama ukuta uliokwisha kumomonyoka. Aliikumbuka arobaini yake ya uzazi, ambapo Somoe alimtwangia kila siku. Aliuokota mchi, akatwanga, na maji yakaendelea kuupiga ukuta.