Kikohozi cha Mwalimu

Binti alijifungia bafuni, na sasa mlango ulikataa kufunguka. Baba yake, fundi seremala, akarudi nyuma na kutega bega ili auvunje.

"Usivunje, baba! Nafikiri!"

Bega likabaki hewani. Anafikiri? Wakubwa wa ofisi ya elimu walishasema msichana huyu akili yake nzito, hafundishiki, akae nyumbani. Wao wenyewe dirisha likikwama humwita mhudumu! Ni mwalimu mmoja tu aliyemkubali darasani kwake, na hao wakubwa walikuwa wakimngoja ashindwe.

Ndani, binti akakohoa. "Shida ni nini? Ufunguo hauzunguki." Akakohoa tena. "Nimejaribu nini? Kuuzungusha kwa nguvu."

"Mwanangu, una mafua?"

"Sina. Ndivyo Mwalimu alivyotufundisha. Unakohoa, halafu unajiuliza."

Kumbe! Wiki aliyowafundisha hayo, mwalimu ndiye aliyekuwa na mafua. Baba akajiziba mdomo, kicheko kisimponyoke.

Kikohozi cha tatu. "Nijaribu njia gani nyingine? Niuvute mlango kwangu kwanza."

Ufunguo ukakwaruza, ukanyamaza, ukakwaruza tena. Baba akapeleka mikono yake mgongoni, mmoja ukaukamata mwenzake kama mgambo aliyekamata mwizi, usije ukatoa msaada ambao haukuombwa.

Ka! Mlango ukafunguka. Binti akatoka, shingo imelowa jasho, akamshika baba yake mkono na kumvuta kuelekea bafuni.

"Sasa ingia wewe, baba, ujifungie. Usiogope, mimi nipo hapa nje."