Swichi Chini ya Kibodi

Zuhra alifungua kompyuta ya zamani ya baba yake, ile inayosoma mzani wa dhahabu dukani, aifute vumbi. Chini ya kibodi akakuta chipu mbili zimebebana, na kiswichi kilichochomelewa kwa mkono.

Akaweka jiwe la gramu kumi mzanini. Kompyuta ikasoma nane. Akasukuma kiswichi. Ikasoma kumi.

Kabla hajakirudisha, mzee mmoja mchimbaji akaingia, na wenzake wanne wakaziba mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jana baba yako alinipimia hii, akasema gramu nane. Hebu pima tena, tuone wote."

Akaiweka dhahabu yake mzanini.

Namba zikaanza kupanda. Sita. Saba. Nane.

Hazikusimama.