Gauni la Jumamosi

Edith alichagua mawe taratibu, kama mtu anayechagua maharage ya kupika. Makubwa aliyarudisha kijitoni. Alitaka meupe, madogo, yasiyozidi yai la njiwa. Wiki hii yalimtosha manne.

Chumbani alifungua upenyo aliouacha kwenye pindo la gauni lake la bluu, akayasukuma ndani moja moja, kisha akaushona kwa nyuzi mbili. Gauni hilo alilivaa Jumamosi tu, siku ya kupimwa.

Taabu ilianza Kwaresima ya mwaka jana, chuoni, ambako wasichana wenzake walimwita Gunia la Mpui. Alifunga kama Wakatoliki wengine. Pasaka ikafika, wenzake wakafungua, yeye hakufungua. Alinunua mizani ya kupanda kwa miguu, akaiweka chini ya kitanda, na mara nne kwa siku mizani hiyo ikawa inampa ruhusa ya kula au kumnyima. Aliporudishwa kijijini Mpui kwa bibi yake, Kristiana, pete zilikuwa zinamvuka vidole na mwezi wake ulikuwa umekatika.

Muuguzi wa zahanati alisema moyo wa binti umeanza kuchoka. Mizani ifungiwe sandukuni kwa bibi, itolewe mara moja kwa wiki. Mshale ukifika kilo arobaini na nane, arudi chuoni. Ukishuka chini ya arobaini, alazwe Sumbawanga.

Edith aliogopa wodi, na chakula alikiogopa zaidi. Ndipo alipokumbuka mawe. Nani Mpui asiyejua kwamba wapo wanaoyatia kwenye magunia ya mahindi?

Shida ilikuwa Bibi. Miaka ishirini alipokea mahindi ghalani, na hakuhitaji bambo la kutobolea gunia. Alilipiga teke tu, akajua.

"Hata la Alfonsi ulijua lina mawe, ukanyamaza!" Mboje, jirani yao, alimtania siku moja.

"Ningesema ili nipate nini? Ana watoto, yule."

"Na mawe yake ukayapeleka wapi?"

"Mawe hayakosi kazi," Bibi akasema, akaenda kumwagilia maua yake mlangoni.

Kila Jumamosi Bibi alifungua sanduku. "Panda, mke mwenzangu. Mume wetu kafa kaniachia mke wa mifupa mitupu, kuni zenyewe hawezi kubeba."

Edith alipanda. Mshale ukapanda. Kisha Bibi alilichukua gauni na kulifua mwenyewe, maana maji ya Ufipa asubuhi yanauma vidole. Edith alisimama dirishani akichungulia mpaka lianikwe. Bibi alifua, akakamua, akaanika. Jioni aliliandua, akalirudisha likiwa limekunjwa.

Kwa kuwa mshale ulipanda, hakuna aliyemhesabia matonge tena. Edith akaanza kula pasipo macho ya watu: kipande cha kiazi, kikombe cha uji wa ulezi, baadaye na cha pili. Kilo zile hazikumtisha. Hazikuwa zake, zilikuwa za mawe.

Mwezi wa nne mshale uligoma wiki tatu, ingawa hakuacha kuongeza mawe. Halafu ukaendelea. Gauni ambalo mwanzoni lilimvuta mabega sasa halikumlemea, alidhani amelizoea. Siku ya kupepeta ulezi alisimama tangu asubuhi hadi alasiri bila kuona kizunguzungu. Mwezi wake ukarudi. Alifua vitambaa vyake kimya kimya, akampita Bibi amechuchumaa mlangoni, anazungushia maua yake vijiwe.

Jumamosi ya kwanza ya Julai mshale ulisimama kwenye arobaini na nane. Mboje alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Bibi hakupiga. Alimshika mjukuu wake kifundo cha mkono.

"Na wewe mwenyewe unajionaje?"

Edith aligeukia mshale. Swali hilo siku zote lilijibiwa na mizani.

"Hii ni yako," Bibi akasema, akimsogezea. "Utaondoka nayo?"

Edith aliitazama. Ilikuwa imeamini mawe, wiki baada ya wiki. "Iache, Bibi. Mpe Mboje apimie kuku wake."

Basi lilikuwa Jumatatu. Begi lilishafungwa. Jioni hiyo, gauni likiwa bado halijafuliwa, Edith alikaa kitandani akawaza chumba cha chuoni, wale wasichana, na yeye katikati yao na kilo ambazo hakuwa nazo. Aliona wazi kwamba akienda hivi atafia huko, na Bibi ataletewa habari akiwa bado anamshukuru Mungu.

Akachukua gauni na mkasi, akaenda jikoni.

"Bibi, nimekudanganya."

"Kuhusu nini?"

"Uzito. Humu ndani mna mawe. Tangu Februari." Akamnyoshea gauni. "Usinipeleke chuoni. Nipeleke wodini."

Bibi aliepua uji, akavuta kigoda, akakaa.

"Kata, tuone."

Edith alikata pindo kuzunguka lote, akalikung'uta. Mawe manne ya wiki hiyo yalianguka, yakagonga sakafu. Vilivyofuata havikugonga. Vilimwagika miguuni pake bila kishindo, vingi, vikavu, vyepesi: vipande vya magunzi, vimekatwa kwa kisu hadi vikalingana na mawe.

Bibi aliyaokota yale manne, akatoka nayo mlangoni, akachuchumaa penye maua yake. Duara la vijiwe vyeupe lilikuwa limebakiza nafasi ya manne.