Matawi Mawili

Ukumbini watu walimpongeza Mshangama kwa picha yake: ndege chozi akilisha makinda, kiota kizima kikionekana. Bi Rehani, mkata ukindu wa kule bondeni picha ilikopigwa, aliitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, mbona kiota kiko peupe? Chozi hujificha majanini."

"Nilikata matawi mawili tu, mama. Yalikuwa yanaziba."

"Si ungeyafunga kando kwa kamba, ukayaachia ukimaliza?"

Mshangama alikumbuka jua la utosini, na mwewe aliyekuwa akizunguka alipofunga begi la kamera.

"Basi ndicho kiota nilichokikuta kitupu," alisema Bi Rehani, bila hasira.

Wageni wengine wakasogea. Mshangama akasimama mbele ya picha, akaiziba kwa mgongo.

"Tupishe kidogo, tuone," mgeni mmoja alimwambia.

Hakupisha.