Mswada wa Kumwombea Farasi Ashindwe

Bi Verna Stidham alitema mate ndani ya kikombe cha karatasi mbele ya kamati nzima ya bunge la Kentucky, akakisukuma katikati ya meza. Hayo, alisema, ndiyo maoni yake kuhusu mswada wao.

Wajumbe walicheka kwa aibu. Kwenye viti vya nyuma, Harlan Deaver hakucheka. Alikuwa na duka la chakula cha mifugo karibu na uwanja wa mbio wa Paxton Fork, alikuwa na leseni ya kumiliki farasi wa mbio, mmoja kwa wakati pale alipojaliwa, na tangu habari za mswada zianze alikuwa akiupinga. Sheria ile ingeruhusu soko la kubeti mtandaoni: mtu ajilaze kitandani na simu yake, aweke dau kwamba farasi fulani hatashinda, na mwingine asiyemjua alipokee. Majimbo mawili yalikuwa yameshakubali. Kentucky nayo ilikuwa imeanza kulegea.

Preston Vance, mtu wa kampuni iliyotaka soko hilo, alikuwa ametangulia kusema. Eti watu wangerudi viwanjani, eti zawadi za mbio zingenona, eti kodi ingemiminika. Maneno yalimtoka laini kama mafuta. Harlan alimtazama akijiuliza mtu kama huyu anapataje usingizi.

Sasa ilikuwa zamu ya Bi Verna, aliyefundisha farasi tangu ujana wake. Hakupandisha sauti. Alisimulia habari za Junebug, farasi wake jike mwenye doa jeupe puani, ambaye kila alfajiri humsimamisha miguu ndani ya ndoo za barafu huku akimwimbia ili atulie.

"Mnataka kumpa mtu sababu ya kumwombea huyu ashindwe," alisema. "Mtu anayeshiba kwa sababu farasi ameanguka, mimi siketi naye meza moja."

Mjumbe mmoja alijifuta macho. Mswada ukafia palepale.

Nje kwenye ngazi, Vance alimsogelea Bi Verna, uso umemwiva. Alimwambia ameona Junebug ameandikishwa Jumamosi kwenye mbio za kuuzana, na kwamba hata yeye ana leseni ya kumiliki farasi. Bi Verna alipandisha bega akaenda zake.

Harlan alielewa, na damu ikamchemka. Katika mbio za kuuzana kila farasi ana bei yake iliyotangazwa, na yeyote mwenye leseni anaweza kutumbukiza sandukuni karatasi ya kumnunua kabla mbio hazijaanza. Mwenye farasi hawezi kukataa, wala hajui ni nani aliyetumbukiza. Milango ya kuanzia mbio ikishafunguka, farasi ni wa mnunuzi, liwalo na liwe. Watu wa viwanja vidogo ndivyo wanavyoishi, hakuna anayeona ajabu. Lakini kumnyang'anya mama wa watu farasi kwa kisasi tu, huo ulikuwa uchafu.

Garini, wakati wa kurudi Paxton Fork pamoja na Bi Verna, Harlan alimsihi amwondoe Junebug. Yule mshenzi, alisema, atamchukua.

"Farasi wa mbio kazi yake kukimbia, Harlan."

"Lakini umemshusha mpaka bei ya chini kabisa. Hata mimi ningemmudu."

"Amechoka kushindwa na farasi wakubwa. Mwache naye aonje ushindi." Bi Verna hakuondoa macho barabarani. "Wakimchukua, wamemchukua."

Harlan aliona jinsi anavyojikaza, akamwonea huruma. Hapohapo akaamua.

Jumamosi alitumbukiza karatasi yake bila kumwambia mtu. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi: Vance asimpate Junebug, na jioni farasi arudi banda lake lilelile, aendelee kutunzwa na Bi Verna mpaka azeeke. Vance alikuja kweli. Alisimama penye uzio farasi wakitembezwa, akamkagua Junebug miguu kwa muda mrefu, kisha akaondoka bila kutumbukiza chochote. Harlan alijisemea kwamba hatimaye aibu imemshika.

Milango ikafunguka. Junebug alichomoka vizuri, akashika nafasi ya tatu mpaka kwenye kona. Hapo kichwa kilimpaa ghafla, mpanda wake akamvuta pembeni, naye akabaki amesimama kwa miguu mitatu, anatetemeka.

Harlan aliruka uzio. Alipofika, daktari wa farasi alikuwa amepiga goti, anajaza sindano.

"Mfupa huu ulikuwa na ufa wa siku nyingi," alisema daktari bila kuinua macho. "Aliyekuwa akimfundisha asingekosa kujua. Wewe ndiye mwenyewe?"

Harlan alisema ndiyo. Alimshikilia Junebug kichwa mpaka kikawa kizito mikononi mwake. Madaktari nao hukosea, alijiambia. Kilichomuumiza ni kwamba mtu lazima aende kumwambia Bi Verna, na mtu huyo ni yeye.

Alimkuta bandani. Hakuwa amekwenda kutazama mbio. Alikuwa akitandaza majani makavu mapya kwenye chumba cha Junebug, na farasi mwingine, mchanga, amefungwa mlangoni akisubiri kuingia.

Harlan alimweleza yote. Kwamba Junebug hayupo tena. Kwamba Vance hakuthubutu kumchukua. Kwamba aliyemchukua ni yeye Harlan, ili amrudishie.

Reki ikamponyoka Bi Verna. Siku nzima ile, hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

"Kumbe ni wewe, Harlan?" alisema. "Maskini. Yule nilikuwa nimemwandalia Vance."