Gazeti Chini ya Keki

Tomoe alitandika magazeti yaliyoloweshwa maji chini ya keki ya kasutera, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake, ili isiungue kitako.

Ilipoiva akaigeuza. Haikuungua hata kidogo, ila wino ulikuwa umeigandia: picha ya mumewe katika tangazo la kifo, na tarehe ya kesho.

Akayakagua magazeti. Yalikuwa ya mwaka jana, habari za mvua tupu.

“Mke wangu, umelala na hiyo keki?” mumewe alitania kutoka sebuleni, akifunga mizigo. “Kesho nisikose treni ya Osaka. Kwa binti yetu siendi mikono mitupu, mimi!”

Tomoe akayaondoa magazeti yote, akairudisha keki ndani ya oveni, akazidisha moto.

“We mama! Keki inaungua!” mumewe akapaza sauti.

“Acha iungue,” Tomoe akajibu, mgongo wake ukiuzuia mlango wa jikoni.